Kijitabu cha Mwalimu Nasimiyu

Vijana wa chumba cha herufi,

Siku nilipovua aproni mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, ili wanaoingia sasa wajue sisi tulifanyaje. Nimekaa nyumbani miezi mitatu. Mahindi nimeyapalilia mara mbili bila ulazima wowote, na mke wangu ameniambia nitafute kitu cha kufanya. Basi naandika. Habari za vyeo nitaziruka, maana nilikuwa nacho kimoja tu, mpangaji wa herufi. Za mshahara mnazijua.

Niliingia kile kiwanda kidogo cha uchapaji pale Kitale miaka ya thelathini ikianza, nikitoka kwetu Bungoma kwa miguu siku mbili. Kilikuwa nyuma ya duka la mbegu: vyumba viwili, mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, na harufu ya wino na mafuta ya taa ambayo haikutoka nguoni hata siku ya Krismasi. Tulichapa vibandiko vya magunia, vitabu vya risiti, kadi za josho la ng'ombe na kadi za arusi za masetla. Mwenye kiwanda alikuwa Muhindi aliyekuja mara moja kwa wiki kuangalia kama bado tupo. Aliyetawala hasa alikuwa fundi mkuu, Kalasinga wa kilemba, mrefu mwembamba, aitwaye Gurdial.

Siku ya kwanza Gurdial hakuniuliza jina. Alichukua sanduku zima la herufi za risasi, lile la vijumba vidogo vidogo ambalo nyinyi mnalijua, akaligeuza juu ya meza. Herufi zote zikamwagika chungu moja.

"Panga," akasema.

Nilipanga siku tisa. Siku ya kumi akaniuliza jina.

"Wekesa."

"Vewe kuja na mimi, Vekesa."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Alinifundisha kushika fimbo ya kupangia kwa mkono wa kushoto, kusoma mstari uliopinduliwa, na kuijua herufi kwa kidole kabla ya jicho. Mpaka leo nikiona barua mezani kwa mtu naisoma kutoka upande wangu bila kutaka, tabia ambayo imenipunguzia marafiki. Alinifundisha pia shida ya Kiswahili. Masanduku yale yalitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Ukipanga ukurasa wa Kiswahili, herufi a na k na w zinakwisha ukiwa katikati, na e zimebaki zimejaa hazina kazi. Ilitubidi tuchape nusu, turudishe herufi vijumbani, ndipo tupange nusu ya pili. Kwa miaka mingi ni mimi tu pale Kitale niliyekuwa na subira ya kazi hiyo, na nilijivunia kama mtu aliyejenga kanisa.

Mwaka wa pili au wa tatu, saa ya chakula, Gurdial alianza kunisomea vijitabu vya Kiingereza vilivyomfikia vimefungwa ndani ya magazeti ya zamani. Vilikuwa vya Umaksi. Alikula chapati na achari juu ya lile jiwe la kupangia kurasa, akasoma mstari, akatafuna, akanieleza kwa Kiswahili chake cha duka. Kwamba kazi ya mtu huzaa kuliko kile anacholipwa. Kwamba kinachobaki hakipotei, kina mtu anayekichukua. Kwamba watu hugawanyika si kwa rangi peke yake, bali kwa nani anamiliki chombo na nani anakishika. Aliposema hayo aliigonga ile mashine ya mguu. Nami nilikuwa nimeshinda juu yake tangu asubuhi, kwa hiyo nilielewa upesi.

Niwe mkweli, lakini. Yale mawazo niliyapenda, ila niliyapenda zaidi maneno yake. Niliwahi kukaa Mombasa mwaka mmoja, nikiosha vyombo katika nyumba ya Mzungu wa forodhani, na tangu hapo nikajiona ndiye mwenye Kiswahili katika nchi yote ya kati ya Mlima Elgon na reli. Nilipenda neno zito. Nilipenda msikilizaji aniulize maana yake.

Vita vilipokwisha, vijana wakaanza kutoka shuleni wengi kuliko kazi zilizokuwapo. Walisoma chochote: gazeti lililofungia sukari, kalenda, maandishi ya kopo la dawa. Gurdial akaniambia siku moja, "Hawa vatoto nasoma kopo. Vewe andika kitabu moja, Kiswahili, maneno yote mimi nasema kwa vewe. Mimi nachapa."

Niliandika miaka miwili. Ukurasa kwa ukurasa, kwa penseli, nyuma ya karatasi zilizoharibika kiwandani. Niliita sura ya kwanza "Chimbuko la Thamani ya Ziada", na nilipoiandika niliinuka nikatembea kuzunguka nyumba. Niliwasomea vijana watatu wa kiwanda cha maziwa. Mmoja alilala. Mwingine alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa, akauliza kwa heshima, "Fundi, sasa hii ni Kiswahili ya wapi?"

Nikasema moyoni kwamba vijana wenyewe ni wajinga.

Ndipo akaja Mwalimu Nasimiyu. Alifundisha katika shule moja ya misheni upande wa Bungoma, na alifika Kitale kwa lori la mahindi kuleta karatasi za mtihani tuzichape. Alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, koti la mvua la kiume, na sauti ya mtu aliyezoea darasa la watoto sitini. Alipokuwa akingoja aliona zile karatasi zangu kwenye rafu, akaanza kusoma bila kuomba ruhusa. Alisoma saa nzima. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho, nikingoja sifa.

"Fundi, ni wewe umeandika hii?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Haya mambo ni ya kweli?"

"Kabisa."

"Basi mbona umeyaficha?"

Alitaka kujua yote. Gurdial akamvutia kiti, akamweleza mpaka lori likapiga honi. Wiki tatu baadaye alirudi na daftari moja la shule. Kurasa kumi na mbili tu. Gurdial alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alianza kusoma amesimama, akafika ukurasa wa pili, akakiweka kikombe chini. Aliposoma karatasi zangu, miaka miwili ya kazi yangu, alikunywa chai yake mpaka mwisho. Niliona jambo hilo, na sikulisahau.

"Vekesa! Hii mama nasema kitu moja na mkulima naelewa!"

Nikasoma na mimi. Pale nilipoandika matabaka, yeye aliandika "wenye shamba na wenye jembe". Na ile thamani yangu ya ziada, iliyonitembeza kuzunguka nyumba, yeye aliiita "saa za bure".

Nilimwambia Gurdial kwamba neno hilo halifai. Mtu atadhani ni saa za kupumzika. Gurdial akafikiri, akasema pengine kweli, lakini mama ameeleza vizuri, liache hivyo. Tutachapa cha kwake kwanza, changu baadaye. Changu baadaye! Tangu siku hiyo kila alipokuja Mwalimu Nasimiyu, chapati ziligawanywa mara tatu badala ya mbili, na maswali niliyokuwa nikiulizwa mimi akawa anaulizwa yeye. Nilianza kurudi nyumbani nimenuna. Mke wangu alidhani nimempenda yule mwalimu, akanisema wiki nzima. Heri lingekuwa hilo. Mapenzi angalau yangenifanya nimtakie mema.

Hapakuwa na mwingine wa kupanga Kiswahili, kwa hiyo daftari likaja kwangu. Hebu fikirini, nyinyi mnaoijua kazi hii. Kumchukia mtu, halafu kulipanga kila neno lake herufi moja moja, kwa vidole vyako, na kila mstari ukikamilika unaona ni mzuri. Karani anayenakili anaweza kufumba akili. Mpangaji hawezi. Nilijua kila nukta ya kitabu kile. Nilitafuta kosa nikakosa. Hata herufi k zilitosha, kwa sababu hakuwa na maneno ya kupoteza.

Gurdial alisoma prufu, zile karatasi za majaribio, Jumamosi, akaandika "sawa" kwa penseli, akasafiri kwenda Eldoret kumwona nduguye mgonjwa. Jumapili nilikuja kiwandani peke yangu kuchapa. Niliziweka kurasa juu ya jiwe, nikachukua koleo dogo, nikaanza kutoa "saa za bure" na kuweka "thamani ya ziada".

Ilikuwa mahali kumi na moja. Msidhani ni hasira ya dakika moja. Maneno yangu yalikuwa marefu kuliko yake, kwa hiyo kila mahali ilinibidi nilegeze mistari, nisukume maneno, nibadilishe nafasi mpaka mwisho wa aya. Kazi hiyo ilikula asubuhi yote. Nilisikia watu wakienda kanisani na nikawasikia wakirudi. Nafasi za kuacha zilikuwepo kumi na moja, nami nikazipita zote huku nikijiambia kwamba nasaidia wasomaji. Nikachapa nakala mia mbili. Kinyume na mlivyofundishwa, hatukuweka jina la mwandishi wala la kiwanda. Siku hizo karatasi kama ile ilimweka mtu mahali pabaya. Zile karatasi za prufu nikazitia motoni.

Jumamosi iliyofuata nilipeleka mzigo Bungoma mwenyewe, umefungwa pamoja na vibandiko vya magunia. Mwalimu alikuwa amekusanya vijana kama ishirini katika chumba cha fundi cherehani karibu na stesheni: makarani, walimu wanafunzi, mmoja wa kubadilisha njia za reli. Aliposhika nakala ya kwanza aliinusa, kama mtu anavyonusa mkate. Akampa Barasa, karani wa stesheni, asome kwa sauti.

Barasa alisoma vizuri ukurasa wa kwanza, watu wakacheka panapochekesha. Akafika wa pili. "'Mfanyakazi akishajilipa mwenyewe, zile zinazofuata ni... tha-ma-ni ya zi-a-da.'" Akasimama. "Ati nini? Mwarimu, zile gani? Huyu mwenye kuandika alikuwa amechoka, bana!"

Watu wakacheka, sasa si panapochekesha. Na mimi ndipo nikaona kosa langu. "Zile" ilikuwa ya saa. Nilikuwa nimebadilisha neno nikasahau kubadilisha kilichotangulia. Mwenye Kiswahili cha Mombasa.

Mwalimu alichukua nakala nyingine, akafungua. Akafungua ya tatu. Kisha akaniangalia.

"Fundi, si niliandika saa za bure?"

"Gurdial ndiye alisahihisha," nikasema. "Ni yeye mkubwa wa kazi."

"Gurdial."

"Ndiyo, Mwalimu."

Aliweka kijitabu chini, akamgeukia Barasa. "Ungekuwa unakata mahindi kwenye shamba la setla kule Kwanza, ungeanza saa ngapi?"

"Saa moja."

"Kufika saa nne, tuseme, yale umekata yametosha posho yako na mshahara wako wa siku hiyo. Sasa mbona huendi nyumbani?"

"Nyapara si atanipiga!"

"Haya. Kutoka saa nne mpaka jioni, unamkatia nani?"

Yule wa reli akasema kutoka nyuma, polepole, "Namkatia yeye. Bure."

"Hizo ndizo saa za bure," akasema Mwalimu.

Nimefanya kazi ya vitabu karibu miaka thelathini, na sijaona tena nyuso zikifunguka namna ile. Ningetoa sanduku zima la herufi ili zifunguke hivyo kwa ajili yangu.

Baada ya mkutano aliomba wino. Alikata maneno yangu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika ya kwake juu yake, kwa mwandiko ule wa ubaoni, wa duara, b zake zikiwa na mkia mdogo. Vijana walitaka kumsaidia akakataa, akasema wataharibu. Mara kumi na moja katika kila nakala, nakala mia mbili. Ilimchukua zaidi ya wiki, saa ambazo angesahihisha madaftari ya watoto. Kisha vijitabu vikatawanyika: Kimilili, Kwanza, mpaka Suam na kuvuka kuingia Uganda ndani ya magunia ya vitunguu.

Hali ya hatari ilipotangazwa, askari wakaanza kupekua kambi za wafanyakazi. Nakala zikapatikana kwenye shamba moja. Hazikuwa na jina la mtu, na herufi za risasi ni zilezile kila mahali, hazimtaji mwenyewe. Lakini zilikuwa na mwandiko. Ofisa mmoja alizunguka na nakala ile katika mashule, akiomba kuona rejista za madarasa. Shule ya nne ikawa ya Mwalimu Nasimiyu. Hakuhitaji hata kuuliza, b zilimwambia.

Walimfukuza kazi siku hiyohiyo, wakamshikilia miezi, na alipotoka akakatazwa kufundisha katika shule yoyote. Watu wa Bungoma walisema, maskini, kwa nini aliandika kwa mkono? Mimi peke yangu nilijua kwa nini. Kama ningepanga kile nilichopewa, asingegusa kalamu.

Gurdial naye alihojiwa, maana mitihani ya shule ile ilichapwa kwetu, na mwenye kiwanda akaogopa, akamwambia aondoke. Siku yake ya mwisho alinikuta nikirudisha herufi vijumbani. Alikuwa na nakala mkononi, sijui aliipata wapi.

"Mimi nasoma prufu," akasema. "Ilikuwa saa za bure. Nani nabadilisha?"

Ningeweza kudanganya tena. Lakini ndiye aliyenifundisha kusoma mistari iliyopinduliwa.

"Ni mimi."

Aliifungua ile nakala ukurasa wa pili. "Neno ya vewe si mbaya, Vekesa. Pengine siku moja vatu vote natumia. Lakini sisi kazi yetu nini? Mtu naleta neno, sisi napanga hiyo. Kama vewe nataka neno yako, andika kitabu yako."

Nilinyoosha mkono tuagane. Yeye alikuwa na mafuta ya taa viganjani, akanionyesha, akatingisha kichwa. Sikuweza kujua kama alikataa mkono wangu kwa sababu ya mafuta ya taa tu. Alipanda treni na sikupata barua.

Hayo ya Gurdial ndiyo mafunzo ya kazi, vijana, na kama mlitaka mafunzo tu mnaweza kuishia hapo. Lakini liko moja lililobaki, na ndilo linalonifanya niandike badala ya kupalilia.

Nilikaa miaka bila kumwona Mwalimu Nasimiyu. Kisha, muda mfupi kabla sijastaafu, nilienda soko la Kwanza kutafuta mbegu za viazi. Nilimkuta ameketi kwenye benchi la kanisa lililotolewa nje, na watu wazima kama kumi na tano mbele yake, wafanyakazi wa mashamba na wake zao, akiwafundisha kusoma kwa kutumia magunia yaliyoandikwa. Hapakuwa na shule hapo, kwa hiyo hakuna aliyevunja amri. Nilisubiri wamalize. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi upande mmoja.

"Fundi," akasema, kama tulioachana juzi. "Umezeeka."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: Jumapili ile, koleo, mahali kumi na moja, uwongo wangu juu ya Gurdial. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo njiani kwa miaka, na yalitoka yamevurugika.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ile ya Barasa. Gurdial hangeweza, hakuwa na Kiswahili hicho. Nani mwingine angeandika thamani ya ziada?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Wangekufukuza. Na ni wewe tu ulikuwa unajua kupanga Kiswahili." Alikunja gunia lake, akalikalia. "Nilikuwa na kijitabu cha pili, Fundi. Kilikuwa tayari. Nilifikiri, wacha ninyamaze, hasira zimwishe, anipangie cha pili."

Nikakaa chini, pale walipokuwa wamekaa wanafunzi wake.

"Kiko wapi?"

"Nilikichoma askari wakiwa mlangoni. Kilipikia uji."

"Kiandike tena," nikasema. "Kiandike, nitakipanga bure, hata neno moja sitagusa. Naapa."

Alicheka, bila ubaya. "Siku hizi nafundisha kwa mdomo. Mdomo hauna mpangaji."

Watu walianza kumwita, kuna mama alitaka asomewe barua. Alisimama. Nami nikauliza swali ambalo sikupaswa kuuliza.

"Kilikuwa kizuri? Hicho cha pili?"

Alifikiri kwa haki, kama mwalimu anayetoa alama. "Kilikuwa kizuri kuliko cha kwanza," akasema, akaenda.

Nilibaki pale na mbegu zangu za viazi. Ningependa kuwaambia kwamba nililia, au kwamba niliona aibu tu. Aibu ilikuwepo. Lakini nilipomwangalia akienda, watu wakimfuata, nilikuwa nikijiuliza alisema nini katika kitabu kile, na alikisemaje, na mimi kwa nini sijawahi kuandika kitu ambacho mtu angekichoma mlangoni ili kisishikwe. Kilikuwa jivu la miaka mingi, na bado nilimwonea wivu.